Kigoda cha Bibi na Televisheni Mpya

Siku Babu Werema alipofariki, Gati alitoka shule saa tisa kama kawaida. Alipita kwa jirani kuchukua ufunguo, akaambiwa mama yake ameshauchukua. Hilo lilimshangaza. Mama yake, Stellah, alikuwa na genge la nyanya na dagaa pale Manyamanyama, mjini Bunda, na hakuwahi kulifunga kabla jua halijashuka. Gati alipoingia uani alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitenge kimefungwa kiunoni, jiko halina moto.

"Vua sare, mwanangu," mama alisema. "Tunakwenda Butiama."

"Babu anaumwa tena?"

Mama alitikisa kichwa. "Haumwi tena."

Gati alielewa. Alivua sare, akaikunja vizuri kuliko siku nyingine zote, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Babu Werema alikuwa mtu wa taarifa ya habari. Kila jioni alioga, akavaa kofia yake ya pama, akakaa kwenye kiti cha mninga alichochongewa na mwanawe Baltazar. Kiti hicho kilikuwa katikati ya sebule, mbele kabisa ya televisheni ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo. Msomaji wa habari aliposema, "Habari za jioni," Babu alivua kofia na kumjibu kwa heshima, "Nzuri, mwanangu. Karibu."

Bibi Petronila yeye alikaa kwenye kigoda chake pembeni, karibu na mlango, akibangua karanga. Mlango aliupenda kwa sababu ya upepo na kwa sababu alitaka kuona nani anaingia katika mji wake. Kila jioni alicheka kicheko kilekile. "Baba Baltazar, huyo anakusikia?"

"Asiponisikia yeye, si umenisikia wewe?" Babu alijibu.

Gati akiwa likizo, Babu alimwita "mke wangu mdogo", na Bibi akamwita "mke mwenzangu". Walimgombania kwa maneno mpaka mbavu zikamuuma kwa kucheka.

Baada ya mazishi sebule ile ilinyamaza. Wiki ya tatu, televisheni ya chogo nayo ilitoa harufu ya kuungua ikazimika, na fundi akasema haitengenezeki tena. Bibi aliifunika kwa kitambaa alichokishona mwenyewe. Tangu hapo kuku walipoingia bandani, naye aliingia chumbani. Hakuketi tena sebuleni.

"Mama anatuondokea huku tunamwona," Mjomba Baltazar alimwambia dada yake Stellah. "Ile misa ya Jumapili kwenye TV aliipenda sana tangu miguu ilipoanza kumsumbua. Tumnunulie nyingine. Sauti irudi ndani ya nyumba."

Mwezi wa sita shule zilipofungwa, Gati alipelekwa Butiama kukaa na Bibi. Mjomba Baltazar alikuwa seremala mjini Musoma. Jioni moja alifika, akampa Gati futikamba na kipande cha karatasi.

"Wewe ndiye fundi wangu wa huku," alisema. "Pima kutoka ukutani mpaka pale anapokaa Bibi yako. Andika mlango uko wapi na dirisha liko wapi. Halafu mwulize yeye mwenyewe anataka kukaa wapi akiangalia. Umenielewa? Mwulize. Jumatatu nitakuja kukuchukua twende dukani Musoma."

"Nimeelewa, Mjomba."

Lakini kichwa cha Gati kilikuwa na jambo lingine. Kule Manyamanyama alikuwa na rafiki anayeitwa Rhobi. Kwao Rhobi kulikuwa na televisheni ya inchi hamsini na tano iliyobandikwa ukutani kama dirisha. Siku moja Rhobi alimwambia mbele ya wenzao, "Kwa babu yako mnaangaliaga TV yenye nundu, kama ng'ombe!" Wenzao walicheka. Gati naye alicheka, lakini hakusahau.

Jumamosi Gati alifunga ncha ya futikamba kwenye msumari wa ukutani, akaivuta mpaka kwenye kiti cha Babu. Mita mbili na nusu. Akaandika. Bibi alikuwa shambani akipalilia mihogo, na kwenda kumwuliza kungechukua muda. Tena jibu lilikuwa wazi, Gati alijiambia. Tangu azaliwe, televisheni ilikuwa ya kile kiti. Akakunja karatasi, akaenda kuruka kamba.

Duka la Enos lilikuwa karibu na soko la Musoma. Ndani, televisheni zilijaa ukuta mzima, zote zikionyesha samaki wa rangi kali ambao Gati hakuwahi kuwaona ziwani. Enos alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, mchangamfu, asiyeharakisha mteja.

"Msiwaamini hawa samaki," alisema akicheka. "Hapa dukani nimeziwashia mwanga wote ili ziwavute. Ukifika nyumbani, punguza mwanga, utaona sura yake halisi."

"Hizi bapa na lile chogo letu zinatofautianaje?" Mjomba Baltazar aliuliza.

"Chogo lilikuwa na bomba kubwa la kioo ndani, ndiyo maana lilibeba mgongo. Hizi nyingi zina taa nyuma. Mbele ya taa kuna kioo chenye vitone vidogo, mamilioni, kama matundu ya chekecheo. Kila kitone kinapitisha mwanga au kinauzuia. Hapo ndipo picha inapopatikana."

"Na ile?" Gati alionyesha moja nyembamba kama daftari.

"Ah, ile ni OLED. Haina taa nyuma. Kila kitone kinajiwakia chenyewe, na kikitaka giza kinajizima. Itazame mbele, itazame pembeni, rangi ni ileile. Ila bei yake ni kama kuuza ng'ombe wawili."

"Basi iendelee kung'aa hapohapo," Mjomba alisema, "na ng'ombe wakae zizini."

Wakacheka. Enos akawapeleka mbele ya televisheni mbili. Ya kwanza ilikuwa ya inchi hamsini na tano. Nyeusi yake ilikuwa nyeusi kama sufuria ya makande, na kioo chake kiling'aa. Gati aliiona na moyo wake ukaruka. Ilikuwa pacha wa ile ya kina Rhobi. Ya pili ilikuwa ya inchi arobaini na tatu. Nyeusi yake ilielekea kijivu kidogo, na kioo chake hakikung'aa.

"Zote mbili zina taa nyuma, lakini vioo vyake vimetengenezwa tofauti," Enos alieleza. "Hii kubwa ni tamu ukiikalia mbele. Ukisogea pembeni inapauka, na kwa kuwa kioo chake kinang'aa, chumba chenye mwanga utaona mpaka mlango wako ndani yake. Hii ndogo haina weusi wa kutisha, lakini wa mbele na wa pembeni wanaona kitu kimoja. Kwa hiyo nina swali moja tu. Kuna mtu anayekaa pembeni?"

Mjomba Baltazar alimgeukia Gati.

Kwa dakika moja Gati alikiona kigoda cha Bibi, kule karibu na mlango, na maganda ya karanga yaliyokizunguka. Kisha akaitazama tena ile kubwa.

"Hapana," alisema. "Wote tunakaa mbele."

"Ulimwuliza Bibi?"

"Nilimwuliza, Mjomba."

Mjomba alimwamini, akidhani Mama ameamua kusogea mbele. Alilipa. Enos akawapa risiti na kuwaambia, "Isipowafaa, nirudishieni ndani ya siku saba, na boksi lake. Zikipita siku saba, ni yenu mpaka uzee."

Jumatatu hiyohiyo televisheni ikafungwa ukutani, mbele ya kiti cha Babu. Majirani walikuja kuiona. Bibi alipiga kigelegele kidogo, cha kwanza tangu msiba. Halafu akavuta kigoda chake, akakaa palepale alipokaa siku zote.

"Inaonekana, Mama?" Mjomba aliuliza.

"Inaonekana, baba. Mungu awabariki, wanangu."

Siku zilizofuata Gati aliangalia televisheni mpaka macho yakamwasha, akiwa amekaa sakafuni mbele ya kiti kitupu. Hakuna aliyekaa kwenye kiti hicho. Kwa desturi ya ukoo wao, kiti cha mwenye mji hakikaliwi mpaka ndugu wakutane na kumaliza tanga. Bibi alikaa kidogo pembeni, kisha akasema anakwenda kutazama moto. Alipokwenda kutazama moto hakurudi. Gati alidhani ni huzuni tu.

Jumapili asubuhi walifungua misa. Mlango ulikuwa wazi na jua lilikuwa limejaa uani. Bibi alijifunga mtandio mweupe, akashika rozari yake. Katikati ya misa Gati aligeuka, akamwona amefumba macho. Anasali, aliwaza.

Misa ilipokwisha, Bibi aliuliza kwa sauti ya chini, "Mke mwenzangu, padre leo alivaa rangi gani?"

Gati alicheka. "Si kijani, Bibi! Kijani kabisa."

"Ahaa. Kijani." Bibi alitikisa kichwa polepole. "Mimi niliona kama majivu. Nikasema moyoni, au siku hizi Kanisa limeleta rangi mpya na mimi sijatangaziwa?"

Kicheko kilimkauka Gati mdomoni. Bibi alipoinuka kwenda jikoni, Gati alikwenda kukaa kwenye kigoda. Kwaya ilikuwa bado inaimba. Kutoka pale, nyuso za wanakwaya zilikuwa zimepauka kama nguo iliyofuliwa miaka mingi. Katikati ya kioo ulionekana mlango wao wenyewe, mweupe kwa jua. Kuku watatu walikuwa wakidonoa uani, na ndani ya kioo kuku haohao walitembea taratibu juu ya vifua vya wanakwaya.

Siku sita, Gati aliwaza. Siku sita Bibi amekuwa akitazama kuku.

Alimfuata jikoni. "Bibi, kwa nini hukusema kwamba huoni?"

Bibi alikuwa anapuliza moto. "Mmeninunulia kwa upendo, nitasemaje? Babu yako alikuwaga anasema ng'ombe wa zawadi hakaguliwi meno."

"Si ungekaa kwenye makochi ya nyuma?"

"Nikae nyuma ya kiti cha babu yako, nitazame mgongo wake mtupu?"

Gati akauliza kwa woga, "Na tanga likiisha? Utakaa kwenye kiti chenyewe?"

Bibi aliacha kupuliza. Moshi ulimwingia machoni, au labda haukuwa moshi. "Miaka arobaini na mitatu yeye alikaa pale, mimi kwenye kigoda. Nikienda kukaa pale, kwenye kigoda atakaa nani?"

Gati hakuweza kuvumilia tena. Maneno yalimtoka yote kwa pamoja, futikamba, karatasi, kamba ya kuruka, Rhobi na nundu ya ng'ombe, na swali la Enos. "Nilikiona kigoda chako, Bibi. Nilikiona kichwani kabisa, na bado nikasema hapana."

Bibi akatoa simu yake ndogo kwenye pindo la kitenge. "Haya. Mwambie mjomba wako. Mimi siwezi kukusemea."

Gati alipiga. Aliposema yote, kimya kilikaa kwenye simu mpaka akadhani salio limekwisha.

"Mjomba?"

"Nipo," Mjomba Baltazar alisema. "Nafikiria. Leo ni Jumapili. Kesho ndiyo siku ya saba. Boksi liko wapi?"

Gati aligeuka kutafuta, akashika mdomo. Boksi lilikuwa nyuma ya jiko, limelazwa ubavu, na ndani yake kuku wa madoa wa Bibi alikuwa amejipatia nyumba. Alikuwa ameketi juu ya mayai matano na hakutaka mazungumzo. Alimdonoa Gati mara mbili mkononi kabla hajakubali kuhamia kwenye kapu la zamani. Bibi alisimama mlangoni akicheka mpaka akashika kiuno. Hicho ndicho kicheko ambacho Gati alikuwa hajakisikia tangu Babu afariki.

Asubuhi yake Mjomba alifika na gari la kukodi. Hakumgombeza Gati. Alifungua televisheni ukutani, akaifuta alama za vidole, akairudisha kwenye boksi lenye manyoya mawili ya kuku. Kisha akasema, "Safari hii anayepima ni Mama mwenyewe. Na kigoda chake tunakibeba."

Dukani, wateja waliacha kuangalia samaki wakaanza kumwangalia Bibi Petronila. Aliweka kigoda chake pembeni kabisa, karibu na mlango wa duka, akapanga kitenge vizuri, akakaa kama yuko kwake.

"Shikamoo, mama," Enos alisema, akijitahidi asicheke.

"Marahaba, baba. Sasa niwashie, nione kama mna kitu."

Kabla Enos hajagusa rimoti, Gati alimkaribia. "Shikamoo. Mimi ndiye niliyekudanganya. Uliniuliza kama kuna anayekaa pembeni. Yupo. Ni yeye."

Enos aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nashukuru kunirudishia jibu la swali langu," alisema. "Haya, tufanye kazi."

Akafungua mlango wa duka wote ili jua liingie. Akapunguza ule mwanga mkali wa kuvutia wateja. Kisha akaziwasha moja baada ya nyingine, na kwa kila moja Gati alichuchumaa kando ya kigoda, kichwa chake sawa na kichwa cha Bibi.

"Hii?"

"Hii naona barabara ya Musoma na pikipiki zake," Bibi alisema akionyesha kioo kinachong'aa. "TV iko wapi?"

Watu wakacheka. Enos akawasha ile ya inchi arobaini na tatu. Msichana mmoja alikuwa akisoma hali ya hewa, amevaa gauni la rangi ya machungwa.

Bibi aliinama mbele kidogo. "Huyu namwona," alisema. "Hata pengo lake la jino naliona. Gati, hilo gauni ni la machungwa?"

"La machungwa, Bibi."

"Basi ni hii hii."

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kulipa alisema, "Mama, lakini ni ndogo!"

"Hata macho yangu ni madogo, baba," Bibi alijibu. "Vinatoshana."

Walipofika Butiama, Mjomba Baltazar aliifunga televisheni ukutani, chini kidogo kuliko ile ya kwanza. Gati alimshikia skrubu. Mwishowe Mjomba aliweka bisibisi chini.

"Unakiona kile kiti?" alisema. "Nilipokuwa nakichonga, mbao nilikuwa nazo na vipimo vya viti nilikuwa navyo. Lakini nilimkalisha kwanza Babu yako juu ya gogo, nikapima goti lake, mgongo wake, na mkono wake unaishia wapi. Ndiyo maana alikaa humo mpaka mwisho wake. Ukimfanyia mtu kitu, Gati, anzia alipo yeye. Usianzie pale unapopatamani wewe. Na ukiulizwa, sema ulichokiona, hata kama kinakunyima ulichokitaka. Uongo wako ulikuwa neno moja tu. Lakini Bibi yako ndiye aliyeubeba kwa siku sita, kimya."

"Nisamehe, Mjomba."

"Nimekusamehe tangu ulipopiga simu. Mtu anayejirudi mwenyewe kabla hajakamatwa, huyo bado namkabidhi futikamba yangu." Akaichukua mezani, akamrudishia mkononi. "Kaa nayo."

Bibi alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. "Na mimi nilidanganya," alisema. "Nilisema inaonekana. Kwa hiyo wewe na mimi, mke mwenzangu, kesho tukipita kanisani tuna maneno ya kusema."

Siku hizi kiti cha Babu Werema kiko palepale katikati ya sebule, na kofia yake ya pama imewekwa juu yake. Kuku wa madoa aliangua vifaranga vinne. Kigoda kiko karibu na mlango. Kila jioni, saa mbili kasoro dakika tano, Bibi Petronila huwasha televisheni mwenyewe, na msomaji anaposema "Habari za jioni," Bibi humjibu, "Nzuri, mwanangu. Karibu."